Makulia ya samaki kwenye hori la mikoko: tufunge wapi, na tufunge nini?

Swali: "Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) ya kijiji kimoja wilayani Kilwa. Tuna hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) lenye mikoko pande zote mbili, na nje yake nyasi bahari zimetanda mpaka kwenye mwamba. Samaki wanaofika mnadani wanazidi kuwa wadogo, hasa changu na tafi, na kamba wamepungua. Tumeshauriwa tufunge hori lote miaka miwili na tupande mikoko. Wavuvi wanauliza: samaki wataongezeka kweli kwa anayevua nje, au tutajinyima bure? Na tuanzie wapi?"

Jibu:

Ndugu katibu, msifunge hori lote, na msifunge kwa miaka miwili. Fungeni kipande kidogo kilichochaguliwa vizuri, kifungwe moja kwa moja, kisha katika sehemu iliyobaki ondoeni zana chache zinazokomba watoto wa samaki. Kupanda mikoko kuwe jambo la mwisho, na huenda msilihitaji kabisa.

Kwanza tutenganishe mazalia (mahali samaki wanapotaga) na makulia (mahali watoto wao wanapokulia), kwa sababu mipango mingi huharibika hapo. Tafi hatagi ndani ya hori. Wakati wa kaskazi hukusanyika nje, kwenye miamba, akataga siku chache baada ya mwezi mpevu. Viluwiluwi huelea na mikondo, kisha vitoto hushuka kwenye nyasi bahari na kukulia hapo. Changu naye hutaga nje na kukulia ndani. Kamba hutaga baharini, na baada ya wiki tatu hivi vitoto vyenye urefu wa sentimita moja huingia kwenye matope ya mikoko. Hukaa humo miezi miwili hadi minne, halafu mvua zikiongezeka maji yasiyo na chumvi hutoka navyo kwenda nje. Kaa koko huenda kinyume: jike lenye mayai hutoka mikokoni kwenda bahari kuu, na watoto wake ndio wanaorudi. Kwa hiyo hori lenu ni makulia. Mkilifunga huku wazazi wakiendelea kuzungushiwa nyavu nje ya mwamba wakati wa kutaga, mtakuwa mmelinda nyumba isiyoletewa watoto.

Kuhusu swali la wavuvi, kama samaki wa hori huwafikia kweli wanaovua nje, jibu ni ndiyo kwa aina mnazozitaja. Watafiti waliopima kemikali zilizomo katika vijiwe vya masikio ya samaki wa pwani yetu wamekuta kwamba, kwa baadhi ya aina za changu, wengi kati ya wakubwa wanaovuliwa miambani waliishi utotoni kwenye maji mafupi ya nyasi na mikoko. Kijiwe hicho hukua kila siku na kuhifadhi alama ya maji aliyoishi samaki. Chewa wengi, nguru na jodari wana maisha mengine; msiwaahidi wavuvi wa nguru kwamba hori litawaongezea chochote.

Hata hivyo si kila mkoko ni makulia. Mahali hustahili jina hilo pakitimiza mambo manne kwa pamoja: watoto wa samaki ni wengi kuliko sehemu za jirani, wanakua vizuri, hawaliwi sana, na wanafanikiwa kutoka hapo kwenda walipo wakubwa. Jambo la nne ndilo linalosahaulika. Katika pwani yetu maji ya bamvua (yale yanayojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) hupanda na kushuka mita tatu hadi nne. Maji yakipwa, mikoko mingi hubaki mikavu kabisa. Samaki wote walioingia kujificha kati ya mizizi hulazimika kutoka, na hutokea kwenye vijito vichache vinavyoelekea kwenye vilindi vinavyobaki na maji, au kwenye nyasi bahari zilizo karibu. Mwenye wavu mmoja uliowekwa kwenye mdomo wa kijito maji yakiwa yamejaa huwapata karibu wote usiku mmoja. Kipande cha mikoko kilichofungwa bila kijito chake, bila kilindi chake na bila ukanda wa nyasi ulio mbele yake hakilindi samaki yeyote kwa zaidi ya saa sita.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta vilindi na njia. Chagueni siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa mchana, mpite hori lote kwa miguu na kwa mtumbwi mkiwa na wazee, wavuvi wa madema (mitego ya kusuka), na wanawake wanaookota chaza na kutanda dagaa. Wanawake hawa ndio wanaolijua hori zaidi ya wote maana hulitembelea kila bamvua. Mkutano usiokuwa nao utachora ramani yenye mapengo. Wekeni alama za GPS kwa simu kwenye kila kilindi kinachobaki na maji zaidi ya magoti, kila mdomo wa kijito, na kila bustani ya nyasi bahari iliyo ndani ya mita mia kadhaa kutoka mikokoni. Andikeni pia aina ya nyasi. Zile ndefu zenye majani mapana kama mkanda, na zile zenye mashina ya miti, hupona polepole sana zikishang'olewa, miaka mingi. Zile fupi nyembamba hurudi mapema. Zenye kupona polepole zipewe ulinzi wa kwanza.

Baada ya hapo hesabuni. Nyosheni kamba ya mita 50 juu ya nyasi. Watu wawili wenye miwani ya kuzamia waelee polepole, mmoja kila upande, kila mmoja ahesabu samaki walio ndani ya mita moja kutoka kwenye kamba na wasiozidi sentimita 10. Hilo ni eneo la mita za mraba 100. Fanyeni kamba sita kwenye kila aina ya mahali: nyasi karibu na mikoko, nyasi za mbali, mchanga mtupu, ukingo wa mikoko. Kwenye nyasi hesabuni siku za maji mafu (yasiyopanda wala kushuka sana), maji yakiwa safi na mkondo ukiwa mdogo. Kwenye ukingo wa mikoko hamna budi kusubiri bamvua, maji yakijaa. Rudieni kaskazi na kusi, maana mahali penye vitoto vingi Februari panaweza kuwa patupu Julai. Wakati wa masika maji ya hori huwa matope na macho hayatoshi. Hapo ombeni kibali kwa afisa uvuvi mtumie madema machache yenye matundu madogo, myaache kwa maji mamoja (kujaa na kupwa mara moja), mhesabu na kuwaachia samaki wakiwa hai.

Wakati huohuo mpime mnadani. Kibao chenye rula, samaki alazwe mdomo ukigusa ukuta wa sifuri, asomwe mpaka ncha ya mkia. Tafi ashikwe kwa kitambaa, miiba yake ina sumu. Pimeni samaki 100 wa kila aina kwa mwezi bila kuchagua wakubwa. Kisha, kwa kila kundi la sentimita mbili (14 hadi 16, 16 hadi 18, na kuendelea), pasueni samaki kumi na mwangalie mifuko ya uzazi. Asiyekomaa ana nyuzi nyembamba zinazopitisha mwanga. Aliyekomaa ana mayai yanayoonekana kwa macho au shahawa nyeupe. Urefu ambao nusu ya samaki wamekomaa ndio utakuwa kipimo chenu cha chini. Kosa la kawaida ni kufanya kazi hii nje ya msimu wa kutaga: samaki mzima aliyepumzika huonekana kama mtoto, na kipimo hutoka kikubwa kupita ukweli. Kwa tafi, pasueni wakati wa kaskazi.

Sasa mipaka. Chagueni kilindi kimoja au viwili vilivyo na vitoto vingi zaidi, na mchukue kwa pamoja kilindi, kijito kinachokiingia, ukingo wa mikoko unaomwaga maji hapo, na nyasi zilizo mbele yake mpaka kuelekea mwamba. Viwe kitu kimoja kisichokatika. Ni afadhali hekta chache zilizounganishwa hivyo kuliko hekta nyingi za mikoko peke yake. Kuruwitu, kule Kilifi nchini Kenya, wanakijiji walifunga hekta 30 tu za maji ya ndani ya mwamba katika miaka ya 2000, wakazifunga moja kwa moja, na ukubwa huo mdogo ndio uliowawezesha kuzilinda wenyewe.

Kwa nini moja kwa moja na si miaka miwili? Pengine aliyewashauri alikuwa akifikiria pweza. Andavadoaka huko Madagaska walianza kufunga miamba ya pweza mwaka 2004, na mtindo huo umefika kwetu, Kisiwa Panza kule Pemba kwa mfano. Unafaa kwa pweza kwa sababu huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu na huongezeka uzito haraka sana. Miezi mitatu inatosha kumpata mkubwa. Changu huhitaji miaka kufika ukubwa wa kuzaa. Mkifunga makulia miaka miwili halafu mkafungua, siku ya kufungua vijiji vyote vitafika na nyavu, na kilichokusanyika miezi 24 kitaondoka ndani ya wiki moja, kikiwa bado kichanga. Tena makulia hayana cha kuvuna: samaki mkubwa hayupo hapo, amekwisha kutoka. Faida yake huvunwa mwambani.

Wavuvi watataka hesabu, na mnayo. Samaki akiongezeka urefu, uzito huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu huo. Changu wa sentimita 10 ana gramu 17 hivi. Akifika sentimita 25 ana gramu 260 hivi, mara 15. Tuseme katika kila watoto 100 mliowaacha, 70 wameliwa na samaki wengine au wamekufa kabla ya kukua. Waliobaki 30 watakuwa na kilo 7.8, badala ya kilo 1.7 ambazo wale 100 wangewapa leo. Na kilo ya changu mkubwa huuzwa kwa wenye barafu, wakati kilo ya vitoto huishia kwenye ndoo. Fanyeni hesabu hii hadharani, kwa samaki wenu mliowapima na kwa bei za mnada wenu.

Nje ya kipande kilichofungwa, hori libaki wazi, lakini si kwa kila zana. Cha kwanza kuondoa ni nyavu za kufungia midomo ya vijito maji yakitoka. Zana hiyo peke yake yaweza kufuta kazi yote mliyoifanya. Kokoro na juya la kuburuta tayari vimekatazwa na Kanuni za Uvuvi za 2009, na sababu ni mbili: hukamata wasiokomaa, na kamba ya chini hung'oa nyasi ambazo vitoto vinaishi humo. Kutanda kwa chandarua ni suala gumu zaidi. Mara nyingi ni kitoweo cha mama asiye na mtumbwi, na kumnyang'anya chandarua bila kumpa njia ni dhuluma ambayo itawarudia, kwa sababu ataingia usiku. Mkae naye mkubaliane maeneo ya mchanga mtupu ambako hesabu yenu imeonyesha hakuna vitoto vya changu na tafi, avue dagaa huko, na makulia yaachwe.

Madema yanaweza kubaki yakirekebishwa. Wekeni mwanya wa kuponea kwenye kona ya dema, umesimama wima, upana wa sentimita 3 hadi 4 na urefu wa sentimita 30 hivi. Tafi na changu wachanga wana miili bapa na hupenya; mkubwa hubaki. Fremu ya mwanya iwe ya chuma chembamba au mti mgumu, si mianzi mitupu, kwa sababu mianzi ikilowa hupanuka na kupinda, na wavuvi wataudharau mwanya uliowatorosha samaki wakubwa. Madema ya aina hii yamejaribiwa pwani ya Kenya, yakapunguza vitoto na kuongeza ukubwa wa samaki wanaobaki ndani. Dema lisiburutwe wala lisifunikwe kwa nyasi zilizong'olewa au matumbawe. Tumieni mawe ya nchi kavu kulizamishia.

Mwani nao uangaliwe. Mkulima anayeng'oa nyasi bahari ili asimike vijiti vyake anafanya kazi ileile ya juya, polepole tu. Mashamba yahamie kwenye mabaka ya mchanga.

Yote haya hayasimami kisheria mpaka yapite njia yake. BMU iandike mpango wa usimamizi wenye ramani, zana na kipimo. Mkutano mkuu wa kijiji uupitishe. Sheria ndogo ipite kwenye kata na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Afisa uvuvi awemo tangu siku ya kwanza. Bila sheria ndogo, mtu mkimkamata mahakama haitakuwa na la kufanya, na mara mbili tatu za namna hiyo huua moyo wa walinzi. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, kwa hiyo TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) washirikishwe kwa lolote linalohusu miti. Vijiji jirani pia. Juya lililofukuzwa kwenu huhamia kwao, na wao wakichukia, mpaka wenu haulindiki. Mfumo wa usimamizi shirikishi unaounganisha BMU kadhaa katika eneo moja, ambao tayari unatumika Rufiji, Mafia na Kilwa, upo kwa ajili ya jambo hili.

Kuweka alama: madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi kali, kila moja na jiwe la zege la kilo 60 hadi 80. Kamba iwe na urefu wa mara moja na nusu ya kina cha maji ya bamvua yakijaa. Jiwe liwekwe kwenye mchanga, kamwe lisiwekwe kwenye nyasi, na katikati ya kamba fungeni boya dogo la kuinyanyua. Bila boya hilo, maji yakipwa kamba hulala chini na kuzunguka, na baada ya miezi michache mtakuta duara tupu la nyasi zilizofyekwa na alama yenyewe. Ndani ya hori tumieni nguzo na alama za nchi kavu zinazoonekana kwa wote: "kutoka mkomafi mkubwa mpaka jiwe jeupe" hukumbukwa kuliko namba za GPS.

Doria msiifanye kila siku, mtaishiwa mafuta na watu. Wenye kufungia vijito huhitaji tofauti kubwa ya maji, kwa hiyo huja siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hasa usiku. Wekeni nyavu zao akilini: hutegwa maji yakijaa na huvunwa maji yakitoka. Doria mbili za saa tatu katika usiku huo, moja kila wakati, zina thamani kuliko wiki nzima ya kuzunguka wakati wa maji mafu. Halafu kuna doria isiyohitaji mtumbwi, nayo ni mnada. Kibao chenye mstari wa kipimo cha chini kikiwekwa mezani, na mnunuzi mwenye barafu akakubali kutonunua chini yake, mwenye juya hana pa kupeleka mzigo. Anzeni na aina mbili tu, changu na tafi. Mkitangaza vipimo vya aina kumi siku moja hakuna atakayevifuata. Wakaanga samaki, ambao huishi kwa samaki wadogo, wapewe nafasi ya kununua dagaa na aina ambazo huwa ndogo hata zikikomaa.

Kupanda mikoko, sasa. Mikoko huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na mwisho wa maji ya bamvua. Chini ya hapo mche huzama muda mrefu mno na hufa. Kwa kuwa ardhi ya juu huwa na wenyewe, wapandaji hushuka kwenye tope tupu au juu ya nyasi bahari, wakachomeka mikoko ya aina moja, mkoko wenyewe, kwa kuwa miche yake ni mirefu na rahisi kuokota. Mingi hufa, na nyasi zilizokanyagwa zimekwisha kuharibika: mmeua makulia moja mkitafuta jingine. Kama kuna sehemu iliyokatwa, ulizeni kwanza kwa nini haijaota yenyewe. Mara nyingi maji hayafiki, kwa sababu ya tuta la chumvi, barabara au kijito kilichozibwa. Fungueni maji, subirini misimu miwili, mbegu zitakuja zenyewe. Mkilazimika kupanda, fuateni mpangilio wa aina za mikoko katika hori lenyewe: mlilana upande wa bahari, mkoko kandokando ya vijito, mkandaa na mchu juu zaidi. Habari za fedha za kaboni (malipo kwa miti inayohifadhi hewa ya kaboni) kama za mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kenya, ni za kweli, lakini mradi ule wa hekta 117 ulioanza kuuza kaboni katika miaka ya 2010 ulitanguliwa na miaka mingi ya utafiti na upimaji. Msiupangie bajeti ya mwakani.

Kuhusu wazazi wa samaki: ombeni wavuvi wa nje, hasa wa nyavu za kuzungusha, waache sehemu tafi wanapokusanyika, kwa siku tano tangu mwezi mpevu, kuanzia Novemba mpaka Februari. Ni siku 20 kwa mwaka. Wenyewe wanapajua mahali, kwa kuwa ndiko hupata mzigo mkubwa kwa mkupuo. Mwacheni pia samaki aitwaye kikande. Yeye hula vile viumbe vya mviringo vyenye miiba vinavyotafuna nyasi bahari, na pale alipovuliwa akaisha, viumbe hivyo huongezeka mpaka bustani nzima ya nyasi hubaki visiki.

Matokeo hayatakuja kwa wakati mmoja. Kaa na kamba huonekana ndani ya mwaka, msimu mmoja au miwili ya mvua. Tafi hukua haraka. Mwaka wa pili mnada uonyeshe tofauti. Changu, hesabuni miaka mitatu au zaidi. Waambieni wavuvi hivyo kabla ya kupiga kura, wasije wakavunja mpaka mwezi wa nane kwa kukata tamaa.

Ili mjue kama ni mpaka uliofanya kazi au ni kusi nzuri tu iliyoleta samaki kila mahali, pimeni ndani na nje. Kamba tatu za mita 50 ndani ya mpaka, tatu kwenye hori jirani linalofanana na lisilofungwa, kuanzia kabla hamjafunga. Mnadani andikeni kila safari: zana, idadi ya wavuvi, saa, kilo. Gawanyeni kilo kwa mvuvi kwa safari, na kila zana ihesabiwe peke yake. Vitoto vikiongezeka ndani na nje kwa kiasi kilekile, mpaka wenu bado haujafanya kitu. Vikiongezeka ndani tu, na baada ya miaka miwili wavuvi wa madema wa mwambani wasione badiliko, kuna mtu anawapata njiani kati ya kilindi na mwamba, na hapo ndipo doria ihamie. Bamvua inayokuja, anzeni na ramani na kibao cha mnadani. Vyote viwili havihitaji kibali wala fedha, na bila vyote viwili mkutano wa kijiji hautakuwa na cha kuamulia.